Nani Anakula Chaji?

Jumamosi moja mpwa wangu, binti wa miaka 16, alinijia nyumbani Mbagala uso umemshuka. Akaniamkia, "Shikamoo mjomba," nami sijamaliza kuitikia marahaba, ameshaketi mkekani na kuniwekea simu yake mbele yangu.

"Simu yangu imekufa betri. Natoka nyumbani asubuhi ina mia, ikifika saa saba mchana ina kumi na tano. Jioni imeshazima. Fundi ameniambia ninunue betri mpya, na hela sina."

"Fundi ameipima?"

"Hajaipima, mjomba. Ameishika tu, akaniambia hizi betri ndivyo zilivyo."

Sogeeni basi, vijana wangu, niwasimulie yaliyofuata, maana kilio hiki nimekisikia kwa wengi wenu. Simu haikai na chaji. Mnanunua chaja, mnanunua pawa benki nzito kama tofali, mnawasumbua wazazi kwa pesa ya betri, na swali la kwanza kabisa hakuna aliyeliuliza: chaji inaliwa na nani?

Chukueni pipa la maji la nyumba ya kupanga. Limejazwa alfajiri, adhuhuri halina kitu. Huenda limetoboka. Huenda ni zima kabisa, ila wapangaji wameongezeka na kila mmoja ana ndoo yake. Tena huenda tope limejaa chini kidogo kidogo kwa miaka, hata ukilijaza mpaka ukingoni, maji yaliyomo si yale ya mwaka juzi. Ukikimbilia kununua pipa jipya kabla hujajua shida ni ipi kati ya hizo tatu, wapangaji walewale watalimaliza na hilo jipya.

Nikamwambia mpwa wangu, hatununui kitu. Utalala hapa siku mbili, tuiulize simu yenyewe.

Usiku wa kwanza hatukubadilisha chochote. Data imewashwa, laini zote mbili ziko hewani, kila kitu kama alivyozoea. Saa nne na nusu usiku, alipokwenda kulala, simu ilikuwa na asilimia 84. Akaandika namba hiyo nyuma ya daftari lake la Fizikia. Simu ikawekwa juu ya kabati, haikuguswa na mtu. Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa na asilimia 61. Saa saba na nusu za usingizi, na asilimia 23 zimekwenda zake.

Usiku wa pili tulianzia palepale, 84, saa ileile, juu ya kabati lilelile. Tofauti ilikuwa moja tu: tuliiweka kwenye hali ya ndegeni, ile alama ya ndege inayokata mawasiliano yote. Asubuhi ilikuwa na 82.

Akaziangalia namba zake kwa muda. Kisha akasema, tena bila mimi kumsaidia, "Mjomba, kumbe pipa halijatoboka."

Ndivyo hasa. Betri inayovuja haijui kama simu iko kwenye hali ya ndegeni au la, ingevuja sawasawa usiku wa kwanza na wa pili. Kilichotofautiana ni walaji. Usiku wa kwanza walikuwa macho wakati mwenye simu amelala.

Walaji hao wana majina, na simu yenyewe huwataja. Tukaingia kwenye Mipangilio, tukagusa Betri, tukagusa Matumizi ya betri. Ikaja orodha, kila programu na asilimia yake. Juu kabisa ilikuwa programu ya video, na hilo halikutushangaza, huwa anaitazama akiwa garini. Ya pili ilikuwa ya kuchati. Ya tatu hakukumbuka hata siku aliyoipakua. Ilijiita ya kusafisha simu na kuipa betri nguvu. Tulipoigusa, simu ikatuonyesha kwamba yeye hakuifungua hata dakika moja siku hiyo, lakini yenyewe ilikuwa imefanya kazi chinichini kwa saa tisa na ushei.

Mnielewe vizuri hapa. Programu za namna hiyo huahidi kuiokoa betri kwa kuzima programu nyingine kila mara. Lakini simu za siku hizi zimeundwa ziipange kumbukumbu yake zenyewe, na programu iliyoachwa nyuma imetulia haili kitu cha maana. Ukiizima kwa nguvu, kesho utaifungua upya, na kuifungua upya kunakula zaidi kuliko kuiacha ilale. Ni kama kumwagia maji jiko la mkaa kila ukishachemsha chai, kisha dakika kumi baadaye unalipuliza upya kwa ajili ya wali. Mkaa utakaoteketea kwa kuwasha peke yake unatosha kuivisha maharage. Kwa hiyo na nyie mnaopangusa programu zote kila baada ya dakika tano mkidhani mnaokoa chaji, acheni. Ya kuondolewa ni ile moja inayofanya kazi bila kutumwa.

Tukaifuta. Tukakuta pia programu ya hali ya hewa na mchezo mmoja wa magari, zote mbili zimeruhusiwa kujua mahali simu ilipo wakati wote, usiku na mchana. Mchezo wa magari unataka kujua umelala wapi ili iweje? Tukabadilisha ruhusa, zijue tu wakati zinatumika. Na zile picha na video za makundi zinazojipakua zenyewe saa nane za usiku, tukazizuia zisubiri mpaka aziguse.

Mlaji mkubwa wa usiku, hata hivyo, hakuwemo kwenye orodha ya programu. Huyu ndiye ninayetaka mumjue, maana anawadhulumu watu wengi.

Simu hailali hata ukiilaza. Kila baada ya muda inawasiliana na mnara: nipo hapa, nipo hapa, mtu akinitafuta unijulishe. Mnara ukiwa karibu, simu inanong'ona tu. Mnara ukiwa mbali, au katikati pana kilima, au ukuta wa zege, simu inalazimika kupaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto mwezi wa masika, na kupaza sauti ni chaji. Mtandao ukipotea kabisa inaanza kutafuta: inajaribu huku, inajaribu kule, inapumzika kidogo, inarudia tena. Niliwahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Songea na simu ikiwa mfukoni, sijaitoa hata mara tatu. Nilipoitoa baada ya kuumaliza mlima Kitonga, na zile kona zake zilizobanwa na milima, ilikuwa imekwisha kama ya mtu aliyepiga gumzo njia nzima. Ilikuwa ikikimbizana na minara, mmoja unaachwa nyuma kabla haijazoea mwingine. Siku hizi nikisafiri naiweka kwenye hali ya ndegeni pale ninapoona mistari ya mtandao inakuja na kutoka, naiwasha tukifika mjini.

Simu ya mpwa wangu ilikuwa na laini mbili. Ya kwanza ilikuwa na mistari minne. Ya pili, aliyopewa bure na wachuuzi wa laini stendi, ilikuwa na mstari mmoja unaotokea na kupotea, tena hakuwa ameiwekea vocha tangu sikukuu ya Idi. Usiku kucha laini hiyo ilikuwa inapiga kelele kutafuta mnara, kwa ajili ya simu ambayo hakuna mtu angeipiga. Tukaizima kwenye mipangilio, bila hata kuichomoa.

Kuhusu kioo nitasema machache, kwa sababu hilo mnalijua ila hampendi kuambiwa. Mwanga wa kioo ni mlaji namba moja kwa kila anayeshinda na simu mkononi. Ushusheni mkiwa ndani. Kioo kijizime baada ya sekunde 30, si dakika kumi. Na mandhari meusi husaidia kweli kwenye simu zenye kioo cha aina ya OLED, ambapo sehemu nyeusi ni taa zilizozimwa. Kwenye vioo vya LCD, vilivyomo katika simu nyingi za bei nafuu, taa ya nyuma inawaka muda wote hata rangi iwe nyeusi tititi, kwa hiyo msitegemee mengi.

Mpwa wangu akaniuliza swali zuri. "Mjomba, mbona kitochi cha bibi kinakaa siku tatu?"

Kitochi, ndugu zetu wa Kenya wanakiita mulika mwizi. Nokia 1100, mama wa vitochi, ilitoka 2003 na betri yenye ujazo wa mili-ampea-saa 850. Simu nyingi mnazoshika leo zina 5000, karibu mara sita. Pipa limekuwa kubwa mara sita, na bado linakauka kabla ya jua kuzama! Kitochi kilikuwa na mpangaji mmoja tu na kikombe chake. Hakikuwa na kioo kikubwa, wala programu za kuamka usiku.

Sasa twende kwenye tope, maana si kila simu ni kama ya mpwa wangu. Nyingine betri imechoka kweli, na kuelewa inachokaje lazima tuingie ndani yake.

Hapa Dar es Salaam, anayetoka Posta kwenda Kigamboni ana njia mbili. Anaweza kupanda pantoni pale Magogoni, au anaweza kuzunguka na kupita Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, ambako magari hulipishwa tozo. Ndani ya betri ya simu kuna kingo mbili kama hizo. Ukingo mmoja ni grafiti, ileile iliyomo kwenye penseli. Wa pili ni madini, mara nyingi kobalti iliyoungana na oksijeni. Katikati kuna kimiminika, ndiyo bahari yetu. Abiria ni chembe za lithiamu, na kila abiria ana mwenzake asiyependa kuachana naye, anaitwa elektroni. Betri ikijaa, abiria wamesongamana upande wa grafiti na wote wanataka kuvuka.

Sheria ya bandari hiyo ni moja. Chembe ya lithiamu inaruhusiwa pantoni. Elektroni hairuhusiwi. Ikitaka kumfuata mwenzake ng'ambo, lazima izunguke kwa daraja, na daraja ni simu yako. Kule darajani inalipa tozo, na tozo hiyo ndiyo mwanga wa kioo, ndiyo muziki unaousikia, ndiyo sauti ya mama yako akikuuliza umefika wapi. Ng'ambo wanakutana tena, wanatulia. Wakishavuka, chaji imekwisha. Kuchaji ni kuwasukuma warudi walikotoka ili safari ianze upya.

Wazo hilo la abiria wanaokwenda na kurudi liliwachukua watu miaka mingi. Stanley Whittingham alilifanyia kazi miaka ya 1970. John Goodenough, akiwa Chuo Kikuu cha Oxford, akaonyesha 1980 kwamba ukingo wa kobalti unatoa nguvu kubwa zaidi. Akira Yoshino wa Japani akatengeneza 1985 betri isiyo na lithiamu tupu ndani yake, na kwa hiyo salama zaidi, na 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuziuza. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97, na hakuna mtu mzee kuliko yeye aliyewahi kuipokea Nobel.

Na hiyo kobalti inatoka wapi? Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Ukishuka leo katika mji wa Kolwezi utasalimiwa kwa Kiswahili, Kiswahili chao cha Katanga. Wako watu pale wanaochimba kwa mikono, wanaingia kwenye mashimo waliyoyachimba wenyewe, na mashimo hayo yamewahi kuwafukia. Januari 2016 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyoeleza habari za watoto waliokuwa wakibeba na kuosha mawe ya kobalti, watoto wa rika lenu na wadogo zaidi. Ninaisema habari hii kwa uchungu. Betri tunayoitupa kabla ya wakati wake imepita kwenye mikono ya watu.

Kila safari ya kwenda na kurudi, abiria wachache hunasa. Juu ya grafiti hujijenga utando, na chembe za lithiamu zilizonaswa kwenye utando huo hazivuki tena. Hilo ndilo tope letu. Ndiyo sababu betri nyingi za simu hutengenezwa zikitarajiwa kubaki na asilimia 80 ya ujazo wake baada ya mizunguko 500 au zaidi, na Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unadai simu zinazouzwa kwake zifikie mizunguko 800. Mzunguko mmoja si kuchomeka chaja mara moja. Ukitumia nusu leo na nusu kesho, huo ndio mzunguko mmoja.

Kuchoka hakuepukiki, ila joto linakuharakisha. Apple na Samsung, zote mbili, hutaja nyuzi 35 za joto kuwa mwisho wa mazingira yanayoifaa simu. Mchana wa Januari hapa Dar es Salaam hewa ya kivulini peke yake inafika 32. Wekeni simu juani dirishani, au mbele ya kioo cha gari, na mmeshavuka mpaka zamani. Mbaya zaidi ni kuichaji chini ya mto wa kulalia huku imevaa kava nene, au kucheza mchezo mzito ikiwa kwenye chaji. Joto la chaja na joto la mchezo hujumlishwa, na betri inaiva kutoka ndani. Mto wa kulalia una hatari ya pili, nayo ni moto. Tafadhali, usiku simu ilale juu ya kitu kigumu, mbali na shuka.

Wazee wetu walianika betri za redio juani, na hawakuwa wajinga. Zile betri kavu za zinki na kaboni zikipata joto, kemia yake huchangamka kidogo, wakapata taarifa ya habari ya jioni moja zaidi. Lakini betri ya lithiamu si ndugu yake. Ukiianika unaiua. Vivyo hivyo ushauri wa kuiacha simu ife kabisa ndipo uichaji: huo ulizifaa betri za nikeli za zamani. Ya lithiamu inaumia ikikaushwa hadi sifuri, na inachoka haraka ikikaa siku nzima imejaa hadi mia katika joto. Ikicheza kati ya 20 na 80 ndipo inapostarehe. Siku ukihitaji mia, ijaze mia, usijitese.

Mtajuaje kwamba betri imechoka kweli? Simu inazima ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 25, ukiichomeka kwenye chaja inawaka na kusema ina 20. Au inashuka kwa kuruka, kutoka 60 hadi 41 kwa simu moja uliyopiga. Hapo fundi ana haki yake, mpelekeeni, tena mwambieni awaonyeshe betri anayoiweka. Kabla ya hapo angalieni pia tundu la chaji kwa mwanga wa tochi. Vumbi na manyoya ya mfukoni hujishindilia humo, chaja inashindwa kushika vizuri, na simu inachajiwa usiku kucha isijae. Zimeni simu, mtoe uchafu taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, kamwe si kwa sindano.

Na mkiona kioo au mfuniko wa nyuma umenyanyuka, simu haikai sawa mezani, betri imevimba kwa gesi. Msiibonyeze, msiitoboe, wala msiichaji hata kwa dakika tano. Izimeni, iwekeni mahali pasipo na kitu cha kushika moto, mwambieni mtu mzima siku hiyohiyo.

Mpwa wangu alilala kwetu usiku wa tatu, kwa kupenda kwake, akitaka kuona. Data imewashwa, simu iko hewani, kama usiku wa kwanza. Saa nne na nusu 84, saa kumi na mbili asubuhi 79. Aliandika namba ya tatu chini ya zile mbili, akachora mstari.

Leo usiku fanyeni hivyo na nyie. Andikeni asilimia kabla ya kulala na asilimia mkiamka, usiku mmoja mkiwa hewani na usiku mwingine kwenye hali ya ndegeni. Mkishakuwa na namba hizo mbili, ndipo mwende kwa mzazi au kwa fundi.